UZI: Ukoo wa Washington wa Virginia, usifuate jina, fuata ardhi na fuata wajane

Mwanashajara (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi siku ile kwenye mjadala wa mirathi na leo ndo nimepata nafasi ya kukaa nao. Nataka tuuangalie ukoo wa Washington, na sio George wa kwenye noti ya dola peke yake, naongelea ukoo mzima wa wakulima wa tumbaku waliokaa kando ya mto Potomac huku Virginia zaidi ya miaka 100 kabla Marekani haijawa nchi. Mimi nipo huku mwaka wa saba sasa, kutoka ninapokaa mpaka Mount Vernon, lile shamba la zamani la George, ni dakika chache kwa gari, mara ya kwanza nilienda kutembea tu kama watu wengine wanavyoenda, nikarudi nyumbani na swali ambalo halijaniacha.

Swali lenyewe hili hapa. Shajara (mti wa ukoo) ya hii familia ukiitazama unaona mstari wa wanaume, John akamzaa Lawrence, Lawrence akamzaa Augustine, Augustine akamzaa George, kwahiyo George ni kitukuu wa John. Safi kabisa. Lakini ukishika karatasi zenyewe, wosia na hati za ardhi na kesi za mahakamani, unakuta mali haikupita kwenye ule mstari, ilipita kwa wanawake, hasa wajane, alafu ikalimwa na watu ambao kwenye ile shajara hawapo hata kwa jina moja. Hilo ndo nataka tulione humu. Mwenye swali aulize katikati, hamna shida.

Tuanzie Uingereza kidogo, sitakaa sana. Jina lenyewe ni jina la ardhi. Karne ya 12 huko Durham kaskazini alikuwepo bwana mmoja anaitwa William de Hertburn, akabadilishana ardhi na askofu akahamia sehemu inaitwa Wessyngton, na jina la sehemu likawa lake. Vizazi vikaenda, tawi moja likashuka Northamptonshire, na mwaka 1539 Lawrence Washington mfanyabiashara wa sufu akanunua ardhi ya Sulgrave iliyokuwa mali ya watawa kabla mfalme Henry VIII hajawanyang'anya. Nyumba yake ipo mpaka leo. Katika uzao wake akatokea Lawrence mwingine, mchungaji wa Purleigh kule Essex, huyu mwaka 1643 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe Wapuritani walimtoa kwenye parokia wakamtangaza mlevi. Akafa akiwa hana kitu, mkewe Amphillis naye akafuata baada ya muda mfupi, wakaacha watoto bila urithi wa maana. Mkubwa wao ndo John, na habari ya Amerika inaanza na huyu.

Bint Kigamboni

Nimekaa mkuu, endelea. Ila nieleweshe, huyo John alienda kama nani? Maana huku tunasomaga tu "walowezi" kama vile walishuka na hela mkononi.

Mwanashajara

Bint Kigamboni hela hakuwa nayo dada yangu. Alienda kama baharia msaidizi wa nahodha kwenye merikebu inaitwa Sea Horse of London, wamekuja kuchukua tumbaku. Mwanzoni mwa 1657 wanataka kuondoka na mzigo chombo kikakwama kwenye mchanga Potomac, maji yakaingia, tumbaku ikaharibika. Wakati wanahangaika kukitengeneza yeye akawa ameshazoeana na mkulima mmoja tajiri wa pale, Nathaniel Pope, na mzee ana binti anaitwa Anne. John akaamua anabaki. Mwenye safari, Edward Prescott, akagoma kumlipa mshahara na akadai kwamba John ndo anadaiwa, ikaenda mpaka mahakamani, na mzee Pope akasimama akasema yuko tayari kuweka dhamana ya ngozi za bivari. (Bivari ni mnyama wa mtoni kama panya mkubwa, manyoya yake enzi hizo yalikuwa yanatembea kama pesa.)

1658 John akamuoa Anne, na mkwe akawapa ekari 700 pale Mattox Creek. Kwahiyo ukoo wote wa Washington wa Amerika umeanza kusimama juu ya ardhi ya mwanamke. Ekari ya kwanza kabisa ilitoka kwa baba wa bibi harusi.

Alafu kuna barua moja ya huyu John ambayo kila nikiisoma nasisimka. Septemba 1659 gavana wa Maryland alimwita John aende kutoa ushahidi dhidi ya Prescott, yule yule wa merikebu, safari hii anashitakiwa kwa sababu mwanamke mmoja anaitwa Elizabeth Richardson alinyongwa kwenye chombo chake baharini, walimtuhumu ni mchawi. John ndo aliyeshitaki. Na akajibu kwamba tarehe hiyo hawezi kufika maana anambatiza mtoto wake wa kiume, watu wameshaalikwa. Prescott akaachiwa, hakukuwa na shahidi. Sasa angalieni hiyo karatasi inavyofanya kazi mbili, ni karatasi ya kesi ya mauaji ya mama wa watu ambaye hakupata haki yake, na papo hapo ndo inayotupa uhakika Lawrence mtoto wa John alizaliwa lini. Watafiti wa nasaba wanaitumia mpaka leo. Mimi siwezi kumtaja Lawrence bila kumtaja Elizabeth Richardson.

Mkulima Halisi

Ekari 700 ni nyingi ila bado sio utajiri wa kuacha jina. Alizipataje nyingine? Kununua au ilikuwa pori la bure?

Mwanashajara

Swali zuri mkuu. Virginia walikuwa na utaratibu kwamba ukimlipia mtu nauli ya meli kutoka Uingereza serikali ya koloni inakupa ekari 50 kwa kila kichwa. Yule mtu anakuja kama mtumishi wa mkataba, anakulimia miaka kadhaa bila mshahara, na ardhi unapata wewe. Na kilichofuata mnakijua, Waafrika waliouzwa pale nao waliingia kwenye hesabu hiyo hiyo ya vichwa. Kwahiyo mwenye hela kidogo ya nauli anapata watu na ardhi kwa mpigo mmoja, na tumbaku inataka vyote viwili, maana inachosha udongo haraka, baada ya misimu michache unasogea shamba jipya. John akaingia baraza la kutunga sheria, akawa afisa wa mgambo, na mwaka 1674 yeye na mwenzake Nicholas Spencer wakapewa ekari 5,000 pale Little Hunting Creek. Kumbukeni hilo jina maana nusu ya hizo ekari ndo baadae inakuwa Mount Vernon.

Na ile ardhi haikuwa tupu. Mwaka 1675 John alikuwa mmoja wa waliowaongoza mgambo kwenda kuizingira ngome ya Wasusquehannock, na wazee watano wa kabila waliotoka nje kuzungumza amani waliuawa. Wenyeji wakampa jina Conotocarious, maana yake mla vijiji. Jina hilo likabaki kwenye ukoo, miaka zaidi ya 70 baadae wenyeji wakamwita George hivyo hivyo. Kwahiyo hata Wahindi Wekundu nao walikuwa wanatunza shajara ya hawa watu, kwa namna yao.

Anne Pope alipofariki John akaoa wajane wawili, mmoja baada ya mwingine, Anne Gerrard alafu Frances Gerrard, ndugu wa tumbo moja. Naye akafa 1677.

Nanjala

Sasa nimeanza kuelewa mbona umesema fuata wajane. Lakini si wao pia walikuwa wanaolewa haraka sana? Kwetu mama angekaa matanga kwanza.

Mwanashajara

Nanjala, malaria na kuhara damu vilikuwa vinaua watu hovyo pembeni ya ile mito, mtu akifika miaka 50 ni mzee. Mjane mwenye shamba na watoto asipopata mwenza ndani ya mwaka mmoja miwili kila kitu kinayumba, kwahiyo waliolewa tena na tena, na kila ndoa mali inahamia mkono mwingine na watoto wa baba tofauti wanakaa nyumba moja. Ndo maana shajara zao ukichora vizuri hazifanani na mti, zinafanana na mkeka.

Na sikiliza hii. Lawrence wa ule ubatizo alikua, akasoma sheria, akamuoa Mildred Warner kutoka familia kubwa, wakapata watoto watatu, John, Augustine na Mildred mdogo. Akafa 1698 hajafika hata 40. Mama mjane akaolewa na mfanyabiashara George Gale, akaondoka nae kwenda Whitehaven Uingereza pamoja na watoto wote. 1701 akafa huko baada ya kujifungua, amezikwa huko huko. Baba wa kambo akawapeleka wavulana shule ya Appleby, na ukoo wa Washington wa Virginia kwa mstari huu ulikuwa umeshaisha, wale watoto wangekua Waingereza tu. Kilichowarudisha ni binamu yao aliyebaki Virginia, aliyekwenda mahakamani kudai watoto na mali yao, akashinda, wakarudishwa. Augustine alikuwa na miaka kama kumi hivi. Bila ile kesi hakuna George Washington, wala mji hauna hilo jina.

Yule Mildred mdogo, dada yao, ndo aliyerithi sehemu ya Little Hunting Creek kwa wosia wa baba yake. Mtoto wa kike, ardhi yake mwenyewe. Mwaka 1726 yeye na mumewe Roger Gregory wakamuuzia Augustine kwa pauni 180. Kwahiyo Mount Vernon haikutoka kwa baba kwenda kwa mwana, ilitoka kwa baba ikaenda kwa binti, na kaka akainunua kwa dada yake. Kwenye shajara nyingi za mtandaoni huyu mama hata hayupo.

Bint Kigamboni

Aisee. Na George ndo anaingia hapo?

Mwanashajara

Ndio. Augustine alioa mara mbili. Mke wa kwanza Jane Butler alimzalia watoto wanne, waliokua wakafika utu uzima ni Lawrence na Augustine mdogo. Jane akafariki, na 1731 akamuoa Mary Ball, binti yatima mwenye ardhi yake kidogo aliyoachiwa. Mary akazaa George, Betty, Samuel, John Augustine, Charles, na Mildred aliyekufa mdogo sana.

Kuna biblia ya familia na kuna ukurasa mmoja wenye maandishi ya mkono. Unasema George mtoto wa Augustine na Mary mkewe alizaliwa tarehe 11 Februari 1731/2 kama saa nne asubuhi, akabatizwa tarehe 5 Aprili, wasimamizi wake ni Beverley Whiting na Kapteni Christopher Brooks, na mama wa ubatizo ni Bi Mildred Gregory. Mmemuona? Shangazi yule yule aliyeuza Mount Vernon. Nilipoliona hilo jina pale nilinyamaza kabisa.

Na hiyo 1731/2 msidhani mwandishi alikosea. Waingereza enzi hizo mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwahiyo Februari bado ni mwaka wa zamani kwa hesabu ya kanisa, ila watu walishajua nchi nyingine zinaanza Januari, wakawa wanaandika yote mawili. 1752 wakabadili kalenda wakaruka siku 11, ndo maana leo wanasherehekea tarehe 22 Februari 1732. Yeyote anayefuatilia nasaba za makoloni ya Uingereza akikosea hapa atakuta mtoto kazaliwa kabla wazazi hawajaoana.

Augustine alifariki Aprili 1743, George ana miaka 11. Wosia ukagawa hivi: Lawrence wa mama mkubwa akapata Little Hunting Creek, Augustine mdogo akapata Popes Creek alikozaliwa George, na George akapata shamba dogo la karibu na Fredericksburg wanaloliita Ferry Farm, pamoja na watu 10 waliokuwa watumwa. Mtoto wa miaka 11 anamilikishwa watu 10, wengine umri wa mama yake. Wadogo zake nao wakapata vipande vyao.

Mzee Kalamu

Watoto wa mke mkubwa wakachukua minono. Hilo kila mtu humu analijua kwao. Ila huyu George ndo mwisho akawa na Mount Vernon, ilikuwaje? Walidhulumiana?

Mwanashajara

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hawakudhulumiana, kwa kweli Lawrence alimlea George kama baba. Lawrence alikuwa amepigana vita vya Cartagena chini ya admirali Vernon, aliporudi akaita shamba jina la mkubwa wake, ndo hiyo Mount Vernon. 1743 akamuoa Anne Fairfax, na ukoo wa Fairfax ndo ulikuwa unamiliki eneo la ekari zaidi ya milioni 5 kati ya mito miwili, George alipata kazi ya kupima ardhi kupitia hao wakwe wa kaka yake. Lawrence akaugua kifua kikuu, 1751 wakaenda wote Barbados kutafuta hali ya hewa nzuri, George akaugua ndui huko akapona na makovu, na 1752 Lawrence akafariki.

Sasa mzee angalia wosia. Mount Vernon ilienda kwa mtoto wa Lawrence, Sarah, na mjane Anne ana haki ya kuitumia maisha yake yote. Mtoto akafa 1754. Anne ameshaolewa kwa mume mwingine na hakai pale, kwahiyo mwisho wa mwaka huo George akakodi shamba kwa shemeji yake, kodi yenyewe ratili 15,000 za tumbaku kila mwaka. Zaidi ya miaka sita George Washington alikuwa mpangaji wa mjane wa kaka yake! Anne alipofariki 1761 ndo shamba likawa lake kisheria.

Na katikati hapo, Januari 1759, amemuoa mjane mwingine, Martha Dandridge Custis. Daniel Parke Custis mume wa kwanza alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa Virginia na alikufa 1757 bila wosia, kwahiyo sheria ikagawa, theluthi ya mjane, zilizobaki za watoto wawili, Jacky na Patsy. Ile theluthi Martha anaitumia akiwa hai tu, akifa inarudi kwa uzao wa Custis. Andikeni hilo pembeni maana litauma huko mbele.

Mkulima Halisi

Mkuu kabla hujaenda huko, shamba lenyewe aliliendeshaje? Tumbaku nimeilima Urambo naijua, inavyokula ardhi na kuni sio mchezo.

Mwanashajara

Basi utamuelewa haraka. Tumbaku ya Mount Vernon haikuwa nzuri, udongo umechoka, na kila mwaka anatuma London anaambiwa bei imeshuka na bado anadaiwa, maana nguo na vyombo alikuwa anaagiza kwa mkopo kwa wale wale wanaomuuzia tumbaku. Katikati ya miaka ya 1760 akaachana nayo akaingia ngano. Hapo ndo akapanda. Ngano unauza hapa hapa, unasaga kwenye kinu chako, akajenga kinu 1771. Akaanza kuzungusha mazao shamba kwa shamba, akaweka samadi na matope ya mtoni, akavua samaki wa Potomac kwa maelfu akawatia chumvi wakaliwa na watumwa na wengine wakauzwa. Mfalme wa Hispania akamletea punda dume 1785, akazalisha baghala. 1797 akaanza kupika wiski, mwaka 1799 zilitoka karibu galoni 11,000. Shamba lilifika ekari kama 8,000, limegawanywa mashamba matano, kila moja na mnyapara wake. Na baadhi ya wanyapara nao walikuwa watumwa.

Ila kazi ya mkono yote, kila debe la ngano, ni ya watu ambao mpaka hapa kwenye uzi huu sijawataja majina, na nakiri shajara inavyochorwa ndo inatufanya tuwapite hivyo.

Nanjala

Watajwe basi. Ulisema mwanzoni hawapo kwa jina hata moja.

Mwanashajara

Kwenye shajara ya ukoo hawapo dada Nanjala. Kwenye daftari la mali wapo.

1786 na tena 1799 George alikaa akaandika kwa mkono wake orodha ya kila mtu aliyekuwa mtumwa Mount Vernon, shamba kwa shamba, jina, kazi, mume au mke ni nani na yuko shamba gani, mama wa mtoto ni nani, umri, na wazee waliopita umri wa kazi kawaandika peke yao. Aliandika kama mtu anayehesabu mali, na ya 1799 ilikuwa maandalizi ya wosia. Jumla watu 317. Wake mwenyewe 123. Wa theluthi ya Custis 153. Waliobaki wamekodiwa.

Sheria ya Virginia tangu 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama. Baba hata awe nani, mama akiwa mtumwa mtoto ni mtumwa, na ni mali ya mwenye mama. Kwahiyo wazungu nasaba yao inahesabiwa kwa baba na watumwa wao nasaba inahesabiwa kwa mama, kwenye shamba moja, kwa makusudi ya hesabu.

George kwenye wosia akasema watu wake waachiwe huru Martha atakapofariki. William Lee, aliyekuwa nae miaka yote ya vita vya uhuru wa Marekani, akaachiwa hapo hapo na posho ya dola 30 kwa mwaka. Martha hakusubiri, akawaachia tarehe 1 Januari 1801. Lakini wale 153 hakuwa na uwezo nao wala Martha hakuwa nao, ni wa uzao wa Custis, na 1802 Martha alipofariki wakagawanywa kwa wajukuu zake wanne. Shida ni kwamba miaka 40 hawa na wale walikuwa wameoana. Isaac fundi seremala alikuwa wa George, mkewe Kitty alikuwa wa Custis, na mabinti zao wote kwa sheria ile ya 1662 wa Custis. Isaac akatoka huru. Mkewe na watoto wake wakagawanywa. Ile theluthi ya mjane niliyowaambia muandike pembeni ndo hii.

Bint Kigamboni

Nimesoma hapo nimesimama kwanza. Baba anaambiwa uko huru anaangalia nyuma watoto wanapelekwa.

Swali langu, George hakuzaa kabisa? Nimewahi kusikia kuna familia ya weusi wanasema wao ni wake.

Mwanashajara

Na Martha hawakupata mtoto. Patsy alikufa kwa kifafa 1773, Jacky alikufa kwa homa 1781 baada ya kukaa kambini kwenye mapigano ya Yorktown, wakalea wajukuu wawili wa Martha, Nelly na George Washington Parke Custis. Mount Vernon ikaenda kwa Bushrod, mtoto wa mdogo wake John Augustine, ikatembea kwa ukoo huo mpaka 1858 ilipouzwa kwa chama cha akina mama kwa dola 200,000, na ndo wanaoitunza mpaka leo.

Hao unaowasema ni uzao wa West Ford. Mama yake Venus alikuwa mtumwa wa John Augustine na mkewe Hannah. Hannah kwenye wosia wake alitaka huyo kijana aachiwe huru, na West Ford akaja kununua ardhi 1833 akaanzisha kijiji cha Gum Springs, kipo mpaka leo jirani na Mount Vernon. Simulizi ya familia inasema baba ni George. Wanahistoria wengi hawakubali, wengine wanaona inawezekana baba ni mmoja wa akina Washington wa nyumba ile alikozaliwa. Mimi nasema hivi, simulizi iliyotunzwa vizazi vyote hivyo na mama kwa binti isitupwe kirahisi kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi mwa upande mmoja.

Ila kuna moja halina ubishi mkubwa. Yule mjukuu aliyelelewa Mount Vernon, G. W. Parke Custis, alizaa na Arianna Carter aliyekuwa mtumwa wa nyumba, binti akaitwa Maria. Maria akaolewa na Charles Syphax pale Arlington, baba yake akampa ekari 17 bila hati. Binti mwingine wa Custis, wa ndoa, ni Mary Anna aliyeolewa na Robert E. Lee yule jenerali wa Kusini. Vita vilipokuja serikali ikachukua shamba lote la Arlington, ndo makaburi ya taifa sasa, na ekari za Maria zikaenda humo humo kwa sababu hana karatasi. Alipambana, na 1866 bunge likapitisha sheria kumrudishia zile 17. Leo wanaotunza nyumba ya Arlington wanamtaja wazi kama binti wa Custis.

Mzee Kalamu

Marahaba kijana, nilichelewa kuitika. Uzi umekaa vizuri. Niulize la mwisho, wenyewe akina Washington walikuwa wanajali haya mambo ya nasaba au ni sisi tu?

Mwanashajara

George hakujali sana mzee. 1791 Sir Isaac Heard wa ofisi ya nembo za koo kule London alimwandikia kumuuliza asili yake, 1792 akajibu kwa heshima, akamtumia alichokijua kuanzia John, na akakiri ni jambo ambalo hakulipa uzito. Heard akaunganisha na Washington wa Northamptonshire lakini akamshika mtu asiye mwenyewe. Ikabaki hivyo karibu miaka 100 mpaka 1889 mtafiti Henry Waters, kwa kupekua wosia na kumbukumbu za makanisa Uingereza, akathibitisha kwamba baba wa John ni yule mchungaji aliyefukuzwa Purleigh. Hata mahali George alipozaliwa palikosewa, 1931 ilijengwa nyumba ya ukumbusho pale Popes Creek, wachimbaji wakakuta msingi mkubwa zaidi pembeni yake.

Wanaojali kweli kweli leo ni uzao wa lile daftari. Kwenye orodha ya 1799, shamba la River Farm, kuna Suckey Bay mama wa shamba, na binti yake Nancy, miaka 11. Walikuwa wa George kwahiyo waliachiwa. Nancy akaja kuolewa na Charles Quander wa upande wa Maryland, na Quander ni moja ya familia za weusi zenye kumbukumbu ndefu kuliko zote Marekani, simulizi yao inasema jina limetoka kwa Wafante wa Ghana. Wanakutana kila mwaka, na kinachowaunganisha na Suckey Bay ni ule mstari mmoja wa mkono wa George.

1835 wanaume 11 waliokuwa wameachiwa huru na George walirudi Mount Vernon wenyewe kwa hiari kutengeneza ardhi kuzunguka kaburi lake jipya. Gazeti la Alexandria likaandika majina yao. Yupo Sambo Anderson, seremala aliyezaliwa Afrika. Na pamoja nao yupo Nancy, alikuja kuwapikia, mwandishi wa gazeti alikosea akamwandika Squander. Watoto wake wamelirekebisha hilo jina, sasa linasomeka Quander.